Injini Isiyo ya Asili: Namna ya Kuitambua Kabla ya Kununua Gari Kuukuu

Gari linalotumika kwa miaka mingi hubadilishwa viungo vyake kimoja baada ya kingine, na kiungo kikubwa kuliko vyote kinachoweza kubadilishwa ni injini. Katika Wilaya ya Karatu jambo hili ni la kawaida. Magari ya utalii hupanda mlima kutoka Mto wa Mbu hadi Karatu, huendelea hadi Lango la Loduare, huteremka ndani ya kreta ya Ngorongoro na kupanda tena siku hiyohiyo. Magari ya mizigo nayo hubeba vitunguu kutoka Mang'ola kwa njia yenye vumbi na miinuko. Injini ya kwanza inapochoka, mwenye gari hutafuta nyingine Arusha au Gerezani jijini Dar es Salaam, na aghalabu hiyo ya pili ni ya mtumba, iliyong'olewa katika gari jingine nje ya nchi.

Kubadilisha injini si kosa. Tatizo huanza pale gari linapouzwa huku injini iliyomo ikiwa haijulikani ni ya aina gani, imetoka wapi, wala kama imeandikwa katika kadi ya gari. Mnunuzi wa gari la namna hiyo hununua spea zisizoingia, hufuata ratiba ya matengenezo isiyo ya injini yake, na katika hali mbaya zaidi hujikuta akimiliki injini iliyoibwa.

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma sura hii, mtumiaji ataweza:

(a) kutofautisha namba ya chesi na namba ya injini;
(b) kusoma bati la utambulisho la gari na kulinganisha maelezo yake na injini iliyomo;
(c) kutambua dalili za namba iliyochezewa;
(d) kuchukua hatua zinazofaa kabla ya kulipa fedha.

1. NAMBA MBILI, VITAMBULISHO VIWILI

Kila gari lina namba ya chesi, ambayo ni kitambulisho cha gari lenyewe, na namba ya injini, ambayo ni kitambulisho cha injini pekee. Namba ya chesi haitakiwi kubadilika katika maisha yote ya gari. Namba ya injini hubadilika kila injini inapobadilishwa. Zote mbili huandikwa katika kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Juu ya injini yenyewe huwa kuna maandishi ya aina mbili, na wanunuzi wengi huyachanganya. Ya kwanza ni maandishi yaliyovimba, yaliyotoka pamoja na chuma kilipomiminwa kiwandani. Haya huonyesha aina ya bloku na yanafanana katika maelfu ya injini. Ya pili ni namba iliyogongwa ndani ya chuma kwa muhuri, kwa kawaida juu ya sehemu bapa iliyosawazishwa ubavuni mwa bloku. Hii ndiyo namba ya injini, na ndiyo inayopaswa kulingana na kadi. Fundi akikuonyesha maandishi yaliyovimba na kukuambia kuwa hiyo ndiyo namba ya injini, mwombe atafute ile iliyogongwa.

2. HATUA ZA UKAGUZI

Fanya ukaguzi mchana, gari likiwa mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa, injini ikiwa imezimwa na imepoa.

Hatua ya kwanza: Soma kadi. Omba kadi halisi, si nakala. Andika pembeni namba ya chesi, namba ya injini, ujazo wa injini kwa sentimita za ujazo, aina ya mafuta na mwaka wa kutengenezwa.

Hatua ya pili: Thibitisha chesi. Linganisha namba iliyogongwa kwenye chesi na ile ya kadi, tarakimu kwa tarakimu. Katika Land Cruiser nyingi za kazi namba hii hugongwa kwenye chuma cha chesi upande wa mbele kulia, karibu na tairi. Ikiwa namba hazilingani, acha ukaguzi hapo hapo. Suala hilo si la injini tena. Ni la uhalali wa gari zima.

Hatua ya tatu: Soma bati la utambulisho. Fungua boneti, tafuta bati dogo la chuma lililopigwa ribiti, aghalabu kwenye ukuta unaotenganisha injini na wasafiri. Bati hili hueleza gari lilivyotoka kiwandani. Litunze akilini kama shahidi wa kwanza.

Hatua ya nne: Tafuta namba iliyogongwa. Sehemu hiyo mara nyingi imefunikwa na oili na vumbi. Isafishe kwa kitambaa chenye dizeli na brashi laini. Usitumie msasa, tupa wala mashine ya kusaga, kwa sababu utaharibu ushahidi. Namba isiposomeka, paka chaki juu yake kisha futa juujuu; unga wa chaki utabaki ndani ya mikato. Piga picha kwa simu.

Hatua ya tano: Tazama umbo. Hesabu nozeli au plagi ili kujua idadi ya silinda. Angalia kama kuna tabo. Angalia kama waya na mipira vimeungwa kwa namna ya kiwandani au vimekatwa na kuunganishwa. Chunguza vishikio vya injini: vilivyochomelewa upya ni ishara kuwa injini hiyo haikukusudiwa kwa chesi hiyo.

3. KUSOMA HERUFI ZA TOYOTA LAND CRUISER

Toyota huandika aina ya injini ndani ya jina la modeli, na jambo hili humsaidia sana mnunuzi. Katika jina kama HZJ75, herufi ya J humaanisha familia ya Land Cruiser, nazo herufi zinazoitangulia hutaja familia ya injini. Kwa hiyo:

BJ ni gari lililotoka na injini ya familia ya B, kwa mfano 3B: dizeli, silinda 4, ujazo wa sentimita 3,431.

HJ ni gari la familia ya H, kwa mfano 2H: dizeli, silinda 6, sentimita 3,980.

PZJ ni gari la 1PZ: dizeli, silinda 5, sentimita 3,469.

HZJ ni gari la 1HZ: dizeli, silinda 6, sentimita 4,164, lisilo na tabo kutoka kiwandani.

HDJ ni gari la familia ya 1HD: dizeli, silinda 6, sentimita 4,164, lenye tabo.

FJ na FZJ ni magari ya petroli. 3F ina sentimita 3,955, nayo 1FZ-FE ina sentimita 4,476.

Injini hizi hugongwa jina lake kabla ya namba. Kwa mfano, namba ya 1HZ huanza kwa 1HZ na kufuatiwa na tarakimu. Mnunuzi anayesoma HZJ katika bati na kukuta 3B kwenye bloku amekwisha kupata jibu bila kumuuliza mtu.

Kumbuka hata hivyo kwamba ujazo peke yake hautoshi. 1HZ na 1HD zina ujazo uleule wa sentimita 4,164, lakini ni injini mbili tofauti. 1HD iliundwa pamoja na tabo na hupuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. 1HZ hupuliza dizeli kwanza katika chumba kidogo ndani ya silinda hedi, na haikuundwa kwa ajili ya tabo. Wapo mafundi wanaofunga tabo juu ya 1HZ ili kuongeza nguvu. Kwa macho ya haraka injini hiyo hufanana na 1HD, na muuzaji anaweza kuitangaza hivyo. Namba iliyogongwa ndiyo itakayosema ukweli.

Kwa nini tofauti hizi zina uzito? Chukua suala la taimingi. 2H na 3B huendesha kamshafti kwa meno ya chuma. 1HZ na 1PZ hutumia mkanda wa mpira ambao ni lazima ubadilishwe kwa wakati. Kwa 1HZ muda unaofuatwa kwa kawaida ni kila kilomita 100,000. Mtu aliyenunua gari akidhani ana injini ya meno, kumbe ana injini ya mkanda, hatabadilisha mkanda huo kamwe. Siku utakapokatika, pistoni na valvu zitagongana, na injini nzima inaweza kuharibika akiwa katikati ya kreta au kwenye kona za mlima wa Mto wa Mbu, pengine akiwa na abiria.

4. LAND ROVER

Land Rover za zamani zimebadilishwa injini pengine kuliko gari jingine lolote, kwa kuwa vyumba vyao vya injini vina nafasi na mafundi wamezizoea. Gari la miaka ya sitini au sabini lililotoka na injini ya sentimita 2,286 leo linaweza kuwa na injini ya dizeli ya Tdi, au hata injini ya Kijapani.

Hapa pia ujazo unaweza kumpotosha mnunuzi. Injini za 200Tdi, 300Tdi na Td5 zote zina ujazo wa sentimita 2,495. Anza kwa kuhesabu silinda: Td5 ina silinda 5, nazo Tdi mbili zina silinda 4. Kisha tazama mikanda iliyo mbele ya injini. 300Tdi huzungusha vifaa vyake vya mbele kwa mkanda mmoja mpana wenye mistari mingi unaozunguka puli zote. 200Tdi ina mikanda myembamba zaidi ya mmoja. Tdi zote mbili hutumia mkanda wa taimingi ulio ndani ya kasha, ilhali Td5 hutumia cheni. Td5 pia hutegemea kompyuta ya kudhibiti injini. Ikifungwa katika gari kuukuu, uliza kompyuta hiyo iko wapi, imefungwa na nani, na kama kuna fundi wa karibu mwenye kifaa cha kuisoma.

5. MAGARI YA MICHEZO YA ZAMANI

Mara chache mnunuzi hukutana na gari la michezo lililohifadhiwa katika gereji au ghala la shamba. Magari haya yana historia katika ukanda wetu. Mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 yalipita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, na Datsun 240Z ilishinda mara mbili: mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, na mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta pamoja na Lofty Drews. Heshima hiyo huongeza bei ya gari la aina hiyo, na penye bei kubwa ndipo udanganyifu huwa na faida.

Thamani ya gari la michezo la kale hutegemea sana kama injini ni ya asili. Datsun 240Z ilitoka na injini ya L24, yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa sentimita 2,393. Baadaye Datsun ilitengeneza L26 na L28 kwa umbo lilelile la nje. L28 huingia katika gari hilo bila kukata chuma, na ina nguvu zaidi, kwa hiyo imefungwa katika magari mengi. Gari litakwenda vizuri, lakini si la asili tena, na bei yake haipaswi kuwa ya gari la asili.

Namna ya kutambua ni ileile. Chesi ya 240Z iliyouzwa nje ya Japani kwa nchi zinazoendesha upande wa kushoto wa barabara huanza kwa HS30. 260Z yenye L26 huanza kwa RS30. Chesi inayoanza kwa S30 pekee aghalabu ni ya soko la ndani la Japani, ambako gari hilo liliuzwa kwa jina la Fairlady Z likiwa na injini ndogo ya L20. Katika bloku, jina la injini hugongwa pamoja na namba: L24, L26 au L28.

Ikiwa namba imefutika, fundi anaweza kuitambua injini kwa vipimo pale silinda hedi inapokuwa imefunguliwa. Hupima kipenyo cha silinda na urefu wa mwendo wa pistoni kwa sentimita, kisha hukokotoa hivi: kipenyo mara kipenyo, mara 0.7854, mara mwendo wa pistoni, mara idadi ya silinda.

L24: 8.3 × 8.3 × 0.7854 × 7.37 × 6 = sentimita 2,393 hivi.
L26: 8.3 × 8.3 × 0.7854 × 7.9 × 6 = sentimita 2,565 hivi.
L28: 8.6 × 8.6 × 0.7854 × 7.9 × 6 = sentimita 2,753 hivi.

Angalia kwamba L24 na L26 zina kipenyo kimoja, nazo L26 na L28 zina mwendo mmoja. Anayepima kimoja tu anaweza kukosea. Ni lazima vipimwe vyote viwili. Kanuni hii hutumika kwa injini yoyote ya pistoni, pamoja na zile za Land Rover na Land Cruiser. Silinda iliyochongwa wakati wa ukarabati itaonyesha kipenyo kilichozidi kidogo, hivyo matokeo makubwa kidogo kuliko ya kiwandani si lazima yawe dalili ya udanganyifu.

6. DALILI ZA NAMBA ILIYOCHEZEWA

Shuku unapokuta mojawapo ya haya:

(a) sehemu ya namba ina mikwaruzo ya kusagwa au inang'aa kuliko chuma kinachoizunguka;
(b) tarakimu hazikukaa katika mstari mmoja, au zina kina na maumbo tofauti;
(c) rangi mpya imepakwa mahali pa namba tu;
(d) ribiti za bati la utambulisho ni mpya ilhali bati ni kuukuu;
(e) muuzaji hataki namba isafishwe au ipigwe picha.

Bloku tupu kabisa haimaanishi wizi moja kwa moja, kwa kuwa bloku mpya ya kubadilishia huweza kutoka kiwandani bila namba. Lakini anayeiuza anapaswa kuwa na risiti ya ununuzi. Bila risiti, maelezo ya mdomo hayatoshi.

7. MAELEZO YASIPOLINGANA

Ikiwa namba ya injini haiko kama kadi inavyosema, fuata utaratibu huu.

Kwanza, usilipe hata fedha za kutanguliza. Pili, mtake muuzaji akuonyeshe risiti ya ununuzi wa injini au nyaraka za kuiingiza nchini. Tatu, mwombe arekebishe taarifa za gari TRA kabla ya kuhamisha umiliki. Wajibu huo ni wake akiwa mmiliki. Ukikubali kununua kwanza, usumbufu utauhamishia kwako, na kadi isiyolingana na gari inaweza kuleta mgogoro katika ukaguzi wa polisi au katika madai ya bima. Nne, ikiwa namba imefutwa au muuzaji hana maelezo, toa taarifa kituo cha polisi. Sheria haimpi mnunuzi umiliki wa mali ambayo muuzaji hakuwa na haki ya kuiuza, hata kama mnunuzi alilipa kwa nia njema.

Ukiamua kununua baada ya kuridhika, hakikisha mkataba una kifungu cha namna hii:

"Muuzaji anathibitisha kuwa injini iliyomo katika gari hili ni ya aina ya …, yenye namba …, kwamba si injini ya asili ya gari, kwamba ameipata kihalali kwa risiti iliyoambatishwa, na kwamba atarejesha fedha ikibainika vinginevyo."

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji kuhusu bidhaa anayouza, na malalamiko ya namna hiyo hupokelewa na Tume ya Ushindani. Matangazo, ujumbe wa simu na picha ulizotumiwa na muuzaji ni ushahidi, vitunze.

8. MFANO WA KUFANYIA KAZI

Chukulia kuwa mkulima wa Mang'ola anataka kununua pikapu ya kupeleka vitunguu Karatu. Kadi inasema injini ni 1HZ, sentimita 4,164. Bati linasema HZJ75. Namba ya chesi inalingana na kadi. Anafungua boneti, anahesabu nozeli 4. Anasafisha ubavu wa bloku na kusoma 3B.

Gari lilitoka kiwandani na silinda 6; sasa lina 4. Ujazo umepungua kwa sentimita 733. Katika miinuko ya kutoka Mang'ola, pikapu iliyojaa itahisi upungufu huo kila safari. Filta, gaskiti na nozeli za 1HZ hazitaifaa. Kadi si sahihi. Hata hivyo 3B ni injini imara, na huenda gari likafaa kwa bei ya chini. Uamuzi ni wa mkulima, lakini sasa anaamua akijua anachonunua, na ana hoja tatu za kupunguzia bei: nguvu, kadi na risiti.

9. MASWALI YA KUJIPIMA

(1) Bati linasema PZJ75, nozeli ni 6, na bloku imegongwa 1HZ. Je, mnunuzi amepunjwa?

(2) Muuzaji anasema gari lina 1HD kwa sababu lina tabo na kadi inaonyesha sentimita 4,164. Utathibitisha vipi?

(3) Datsun yenye chesi ya HS30 imegongwa L28 kwenye bloku. Inauzwa kama "ya asili". Utasema nini?

Majibu

(1) Kwa nguvu, hapana. 1HZ ni kubwa kuliko 1PZ. Lakini injini si ya asili, hivyo kadi ni lazima ilingane na namba mpya, na risiti ioneshwe.

(2) Tabo inaweza kuwa imeongezwa juu ya 1HZ, na ujazo wa injini hizo mbili ni uleule. Soma namba iliyogongwa. Ikianza kwa 1HZ, si 1HD.

(3) HS30 ilitoka na L24. Gari linaweza kuwa zuri, lakini neno "asili" si kweli, na bei ijadiliwe upya.

MUHTASARI

Soma kadi, thibitisha chesi, soma bati, tafuta namba iliyogongwa, kisha hesabu silinda. Mashahidi hawa watano wakikubaliana, endelea na majadiliano ya bei. Mmoja akipingana na wengine, subiri hadi upate maelezo ya maandishi. Ukaguzi huu huchukua muda usiozidi saa moja na hauhitaji kifaa chochote zaidi ya kitambaa, brashi, chaki na simu.